Neno Hili Linaeleza Nini? Vivumishi na Vielezi vya Kiingereza kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Fundi ameshona viatu vizuri.

Soma sentensi hiyo mara ya pili, kisha ujiulize kilicho kizuri ni nini: ni viatu, au ni ushonaji? Kiswahili hakikulazimishi kujibu. Viatu ni vya ngeli ya KI-VI, kwa hiyo "vizuri" inaweza kuwa kivumishi kilichopatana na viatu. Wakati huohuo "vizuri" ni kielezi tunachokitumia kila siku kueleza namna jambo lilivyofanyika. Anayesikia huzipokea maana zote mbili na mazungumzo yakaendelea. Kiingereza kinakutaka uchague. Ukivisifu viatu utasema "The cobbler made good shoes." Ukiisifu kazi ya mikono yake utasema "The cobbler made the shoes well." Huwezi kubaki katikati.

Makosa mengi ninayoyaona katika Kiingereza cha Waswahili upande huu yanaanzia hapo. Mtu anajua maneno, anajua hata kwamba "quick" ni kivumishi na "quickly" ni kielezi, lakini anapoandika hajiulizi neno lake linaeleza nini. Walimu wengi hulianza somo hili kwa orodha ya maneno yanayoishia na -ly. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Anza na swali: neno hili linaeleza nini? Likieleza nomino au kiwakilishi, ni kivumishi. Likieleza kitenzi, kivumishi, kielezi kingine au sentensi nzima, ni kielezi.

Swali hili si la kawaida kwako kwa sababu Kiswahili kimezoea kukujibia kabla hujauliza. Mtoto mzuri, embe zuri, kisu kizuri, kuimba kuzuri: kiambishi cha mwanzo kinaonyesha wazi kivumishi ni cha nani, hata kikikaa mbali na nomino yake. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki. "A big house, big houses, big knives." Hakuna "bigs", hakuna ngeli, hakuna umoja na wingi. Hiyo ni nafuu kubwa kwa anayejifunza, na mtoto wa Kiingereza anayejifunza Kiswahili angekuonea wivu. Ila kwa kuwa neno halina alama ya kulifunga na mwenzake, kinacholifunga ni mahali lilipokaa na, mara nyingine, mwisho wake. Ndiyo maana katika Kiingereza kulihamisha neno hatua moja kunaweza kuharibu sentensi nzima.

Mahali pa kivumishi

Kivumishi cha Kiingereza hutangulia nomino: "a red car", "a difficult exam". Unalo tayari neno moja la Kiswahili linalofanya hivyo, nalo ni "kila": kila mtu, kila siku. Vichukulie vivumishi vya Kiingereza vyote kuwa wenzake "kila". Nafasi ya pili ni baada ya kitenzi kama "is" au "was": "The exam was difficult."

Hadi hapo ni rahisi. Ugumu unakuja na ile -a ya uhusiano. Kiswahili kina vivumishi vya asili vichache, kwa hiyo tunajaziliza kwa -a: begi la shule, kituo cha basi, nyumba ya matofali, mpango wa miaka mitano. Anayetafsiri moja kwa moja huishia na "bag of school" na "house of bricks". Mwingereza huichukua ile nomino ya pili na kuiweka mbele kama kivumishi: "school bag", "bus stop", "brick house". Ikishakaa mbele, nomino hiyo nayo hufuata sheria ya vivumishi, yaani karibu kila mara haichukui wingi. Duka la viatu ni "a shoe shop", ingawa viatu viko mia. Mtoto wa miaka kumi ni "a ten-year-old child". Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano wa Tanzania, ule wa 1964 hadi 1969, ni "the first Five-Year Plan", bila s. Hilo la "five years plan" nimeliona hata kwenye taarifa zilizochapwa kwa karatasi ya kung'aa, na linasahihishwa kwa kukumbuka jambo moja tu: mbele ya nomino kila kitu ni kivumishi, na kivumishi hakina wingi.

Vivumishi vikiwa viwili au vitatu, vina foleni yao. Sisi tunaweza kusema mlango mkubwa mzuri wa mbao au mlango mzuri mkubwa wa mbao, na hakuna atakayeshtuka. Mwingereza atashtuka. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa mwaka 1892 mjini Bloemfontein katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, alisimulia jambo hilo katika barua aliyomwandikia mshairi W.H. Auden mwaka 1955. Alipokuwa na umri wa miaka kama saba alijaribu kuandika hadithi ya joka. Mama yake hakusema lolote kuhusu joka lenyewe. Alimwambia tu kwamba haifai kuandika "a green great dragon", lazima iwe "a great green dragon". Mtoto alijiuliza kwa nini, na wakati anaandika barua ile, akiwa profesa wa lugha Oxford, alikuwa bado anajiuliza.

Foleni yenyewe, kwa kadiri utakavyoihitaji, huanza na maoni yako, ikifuatiwa na ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, na mwisho kabisa kitu kilichotumika kutengeneza. "A beautiful old Zanzibari wooden door": uzuri ni maoni, kisha umri, kisha asili, kisha mbao. Usijilazimishe kuvitumia vyote. Vivumishi viwili au vitatu vinatosha, na mwandishi mzuri wa Kiingereza mara nyingi hutosheka na kimoja.

Kuna vivumishi vichache vinavyokataa kabisa kukaa mbele: "asleep", "awake", "afraid", "alive", "alone". Utasema "The child is asleep", lakini mtoto aliyelala hawezi kuwa "an asleep child". Atakuwa "a sleeping child". Na kuna vingine ambavyo ukivihamisha vinabadilika maana. "My late grandfather" ni marehemu babu yangu. "My grandfather is late" ni babu amechelewa, na Mwingereza atauliza atafika saa ngapi.

Pilau inanukia vizuri

Katika somo hili zima, hapa ndipo Kiswahili kinapokuvuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Tunasema pilau inanukia vizuri, unaonekana vizuri, najisikia vibaya. Maneno "vizuri" na "vibaya" hapo ni vielezi. Mwanafunzi mwangalifu, aliyefundishwa kwamba baada ya kitenzi huja kielezi, ataandika "The pilau smells well" na "I feel badly". Amefuata kanuni aliyofundishwa na bado amekosea. Kiingereza sahihi ni "The pilau smells good" na "I feel bad".

Rudi kwenye swali letu. Katika "The pilau smells good", neno "good" linaeleza nini? Pilau haifanyi kazi ya kunusa, haina pua. "Good" inaeleza pilau yenyewe, na pilau ni nomino. Kitenzi hapo kinafanya kazi ile ile ya "is". Basi kipimo cha haraka ni kukiondoa kitenzi na kuweka "is": "The pilau is good." Sentensi imesimama, kwa hiyo weka kivumishi. Vitenzi vya kundi hili si vingi: "look", "smell", "taste", "feel", "sound", "seem", "become", "remain", na "get" au "turn" vinapokuwa na maana ya kugeuka kuwa, kama katika "The milk turned sour."

Kipimo cha pili ni cha kwetu, na mimi nakipenda zaidi kwa sababu jibu unalo tayari kichwani. Pale Kiingereza kinapotumia kitenzi kimoja kwa kazi mbili, Kiswahili mara nyingi kina vitenzi viwili. "Look" ni kuonekana na pia ni kutazama. "Smell" ni kunukia au kunuka, na pia ni kunusa. "Feel" ni kujisikia, na pia ni kupapasa. Jiulize kwa Kiswahili ungetumia kipi. Kama ni kuonekana, kunukia au kujisikia, Kiingereza kinataka kivumishi. Kama ni kutazama, kunusa au kupapasa, yaani mtu anafanya kitendo kwa kukusudia, kinataka kielezi.

Konda alionekana amekasirika: "The conductor looked angry."

Konda alimtazama abiria kwa hasira: "The conductor looked angrily at the passenger."

Fundi alikipapasa kitambaa taratibu: "The tailor felt the cloth gently." Kitambaa chenyewe ni laini ukikigusa: "The cloth feels soft." Ukizishika jozi hizi umeshika nusu ya somo.

Neno "well" lina ziada yake. Kwa kawaida ni kielezi: "She sings well." Likihusu afya huwa kivumishi, ndiyo maana mtu aliyepona anasema "I am well now." Kwa hiyo "You look good" ni umependeza, na "You look well" ni unaonekana una afya njema. Rafiki aliyetoka hospitali mwambie la pili.

Siri ya -ly

Wengi wameshika kwamba -ly ni alama ya kielezi, kisha wanakutana na "friendly" na kuandika "He spoke friendly to the guests." Kuelewa kilichotokea inabidi turudi nyuma. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na viambishi tamati viwili vinavyofanana: -lic ya kutengeneza vivumishi na -lice ya kutengeneza vielezi. Karne zilivyopita sauti za mwisho zikadondoka, na vyote viwili vikawa -ly. Kwa hiyo -ly unayoiona leo ni mapacha wawili.

Namna ya kuwatofautisha ni kuikata -ly na kuangalia kinachobaki. Kikibaki kivumishi, neno zima ni kielezi: "quick" ikawa "quickly", "careful" ikawa "carefully". Ikibaki nomino, neno zima karibu kila mara ni kivumishi: "friend" ikawa "friendly", "coward" ikawa "cowardly", "cost" ikawa "costly", "time" ikawa "timely". Yako machache yanayokwepa kipimo hiki, kama "lonely", "elderly" na "sickly", ambayo ni vivumishi ingawa yametoka kwenye vivumishi, pamoja na "ugly" na "silly" yasiyokatika kabisa. Hayo yakariri. Maneno ya nyakati, "daily", "weekly", "monthly" na "early", hufanya kazi zote mbili: "a daily newspaper", "He comes daily."

Kivumishi chenye -ly tayari hakiongezwi -ly nyingine. Ukitaka kusema aliwahudumia wageni kirafiki, utasema "He served the guests in a friendly way." Hiyo "in a ... way" ndiyo njia bora ya kupeleka vielezi vyetu vingi vya ki-: kitoto ni "in a childish way", kienyeji "in the local way", kistaarabu "in a civilised way" au, kwa ufupi, "politely".

Tahajia haina mengi. Y baada ya konsonanti hugeuka i, kama "happy" na "happily". Neno linaloishia na -le baada ya konsonanti huacha e na kuongeza y tu, kama "gentle" na "gently". Linaloishia na -ic huchukua -ally, kama "basic" na "basically", isipokuwa "publicly". "True" hupoteza e na kuwa "truly".

Sasa maneno yasiyo na -ly kabisa. Hakuna neno "fastly". "Fast" ni kivumishi na ni kielezi: "a fast car", "She runs fast." Vivyo hivyo "hard", "late", "high", "straight". Sababu ni ya kale vilevile. Njia nyingine ya kutengeneza kielezi katika Kiingereza cha zamani ilikuwa kuongeza -e mwishoni mwa kivumishi. "Heard", ambayo leo ni "hard", kielezi chake kilikuwa "hearde". Ile -e ilipoacha kutamkwa, kivumishi na kielezi vikabaki na sura moja.

Mtu asipolijua hilo huenda akaongeza -ly kwa nguvu na kuangukia neno jingine lenye maana yake. "I work hard" ni nafanya kazi kwa bidii. "I work hardly" si Kiingereza sahihi, na msikilizaji akijitahidi kukuelewa atasikia "I hardly work", yaani karibu sifanyi kazi. Hebu fikiria mtu anayelisema hilo kwenye usaili wa ajira, kwa moyo wake wote. "Hardly" tayari ina ukanushi ndani yake, kwa hiyo sikusikii vizuri ni "I can hardly hear you", bila "not". "Late" ni kuchelewa na "lately" ni siku hizi za karibuni. "Near" ni karibu kwa mahali, "nearly" ni nusura: "He nearly fell", nusura aanguke. "High" ni juu kwa kipimo, "highly" ni sana kwa heshima, kama "highly educated".

Sana, mno, na mahali pa kuyaweka

"Sana" yetu haina mipaka. Nzuri sana, nakupenda sana, amekimbia sana, watu wengi sana. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Very" hukaa mbele ya kivumishi au kielezi: "very good", "very slowly". Haiwezi kueleza kitenzi peke yake, kwa hiyo "I very like it" haipo. Kitenzi huchukua "very much" au "a lot": "I like it very much", "He ran a lot."

"Too" ni "mno" kwa maana ya kupita kiasi, na ina lawama. Mgeni akikukaribisha chakula ukamwambia "The food is too sweet", umemlalamikia kwamba sukari imezidi. Kama ulitaka kusifu, sema "very nice" au "so tasty". Hili nalisisitiza kwa wanaofanya kazi na wageni, kwa sababu huko neno moja linaweza kuonekana kuwa utovu wa adabu hali msemaji alikuwa anatoa shukrani. "Enough" nayo ina tabia yake: hukaa baada ya kivumishi na kabla ya nomino. "Old enough", lakini "enough money".

Katika kuyaweka maneno haya kuna marufuku moja kubwa: usiingize kielezi kati ya kitenzi na yambwa yake. Kwetu "anaongea vizuri Kiingereza" inapita bila shida. Kwao "She speaks well English" inakwaruza sikio, sema "She speaks English well." Vilevile "I like ugali very much", kamwe si "I like very much ugali".

Vielezi vya mara ngapi, "always", "usually", "often", "sometimes", "never", hutangulia kitenzi kikuu lakini hufuata "is", "am", "are" na "was": "I always come early", "I am always early." Hapa Kiswahili kinakusaidia kwa njia usiyoitarajia. Baba hula mapema: ile hu- iliyomo ndani ya kitenzi ndiyo "usually", nayo imeshikamana na kitenzi mwanzoni kabisa. Kwa kitenzi kikuu, weka "usually" mahali ambapo hu- ipo na hutakosea: "Father usually eats early."

Kielezi kinachoeleza sentensi nzima hukaa mwanzoni na hufuatwa na mkato. Kwa bahati mbaya, basi limeondoka: "Unfortunately, the bus has left." Mkato huo usiudharau. "Honestly, she answered" ni mimi nakuhakikishia kwamba alijibu. "She answered honestly" ni yeye alijibu kwa ukweli.

Kulinganisha

Mimi ni mrefu, yeye ni mrefu kuliko mimi. "Mrefu" haikubadilika, kazi yote imefanywa na "kuliko". Ndipo linapozaliwa kosa la "He is tall than me." Kiingereza hubadilisha kivumishi chenyewe, kisha kinaongeza "than": "taller than". Maneno mafupi huchukua -er na -est, maneno ya silabi mbili yanayoishia na y hugeuza y kuwa i, kama "happier", na maneno marefu hutumia "more" na "most". Vielezi vya -ly navyo hutumia "more": "more quickly". "Fast" na "hard" hubaki na -er. "Good" na "well" vyote vinakwenda "better", kisha "best".

Chagua njia moja tu. "More better" na "most biggest" zimekatazwa na walimu wa leo, ingawa Shakespeare aliunganisha "most" na -est katika neno moja kwenye Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963, pale Antony anapohutubia mbele ya maiti ya Kaizari. Wakati wa Shakespeare mkazo wa namna hiyo ulikubalika. Kwenye karatasi yako ya mtihani hautakubalika.

Kinachochosha na aliyechoka

"I am boring" na "I am bored" zinatofautiana kama "nawachosha watu" na "nimechoshwa". Kitu kinachosababisha hisia huchukua -ing, na anayeipata hisia huchukua -ed. Viambishi vyetu vya kitenzi vinaonyesha njia: safari ya kuchosha ni "a tiring journey", nimechoka ni "I am tired". Habari za kushangaza ni "surprising news", tumeshangaa ni "we are surprised". Somo linavutia ni "interesting", nimevutiwa ni "interested". Anayeandika "I am interesting in this job" anajisifu kwamba yeye ni mtu wa kuvutia, na bado hajasema kwamba anaitaka kazi hiyo.

Tii, pe na fofofo

Viko vielezi vya Kiswahili ambavyo havina mfano kwao: mweusi tii, nyeupe pe, kulala fofofo, kulowa chapachapa. Ukitafuta tafsiri ya "tii" kwenye kamusi utarudi mikono mitupu. Ukizitafuta jozi zilizokwishaungana, utazipata: "pitch black", "fast asleep", "soaking wet", na kwa kitu kipya kabisa, "brand new". Jifunze kila jozi ikiwa nzima. Angalia hiyo "fast asleep": "fast" hapo haina uhusiano na mbio. Ni maana yake ya kale ya kushikilia imara, na mtu aliyelala fofofo ameshikiliwa na usingizi kwelikweli.

Vile tunavyovirudia mara mbili navyo vipeleke kwa uangalifu. Polepole si "slowly by slowly", ingawa utalisikia sana Nairobi na Arusha. Ni "slowly", na kidogo kidogo ni "little by little".

Tusahihishe barua

Nimetunga aya hii kutokana na makosa yanayojirudia katika barua za kuomba kazi za hoteli:

"I am a hard-worker person and I work very hardly. I speak well English and I serve guests friendly. My former boss was very pleasing with me because I was working fastly and I was coming always early. I am more better in kitchen than in reception."

Chukua kalamu na uulize swali letu kwa kila neno la kueleza. "Hard-worker" imekaa mbele ya "person" kama kivumishi, lakini ni nomino. Kivumishi chake ni "hard-working". "Hardly" inatakiwa kueleza "work", kwa hiyo ni "hard", ila "hard-working" imeshalisema hilo, basi sentensi hiyo ya pili tunaiacha. "Well" imeingia kati ya kitenzi na yambwa yake, itoe. "Friendly" ni kivumishi kilichopewa kazi ya kielezi. "Pleasing" ingefaa kama bosi ndiye aliyependeza; aliyepata furaha ni "pleased". "Fastly" haipo. "Always" itangulie kitenzi. "More" iondoke. Inabaki:

"I am hard-working. I speak English well and I serve guests in a friendly way. My former boss was very pleased with me because I worked fast and always came early. I am better in the kitchen than at the reception desk."

Sarufi imekaa sawa. Sasa isome kama msimamizi wa hoteli mwenye barua nyingine nyingi mezani. "Hard-working" imo katika zote. Kivumishi cha kujisifu hakimwonyeshi kitu. Kinachomwonyesha ni nomino, vitenzi na tarakimu zinazotoka kwenye maisha yako: ulipika chakula cha watu wangapi, ulishika zamu ya usiku kwa muda gani, wageni wa nchi zipi uliongea nao Kiingereza. Kwa mfano: "For two years I cooked breakfast for eighty guests every morning." Hakuna "very" hapo, wala "hard-working". Ongeza sentensi kama hiyo, yenye mambo yako mwenyewe ya kweli, mwanzoni mwa barua. Kisha soma upya na uangalie ni vivumishi vingapi vya kujisifu ambavyo bado unavihitaji.